Theluthi Moja Ibaki: Sheria Ambayo Simu Haijui

Leo siandiki kuhusu Linux wala simu mpya. Nataka tuzungumzie hesabu ya nyumbani wakati mshahara ni mmoja na madeni ni manne. Ni hesabu ambayo sisi waandishi wa programu huikwepa, ingawa wengi wetu ndio tulioandika programu zinazoifanya iwe ngumu.

Maoni yangu ni haya: familia nyingi zenye madeni ya simu zinajua kujumlisha vizuri. Kinachozishinda ni foleni. Pesa ikiingia, nani anachukua kwanza? Siku hizi jibu halitoki kwa baba wala kwa mama. Linatoka kwa programu.

Tuanze na sheria. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 kinasema makato yote kwenye mshahara yasizidi theluthi mbili. Hata ukidaiwa na benki, SACCO na nani mwingine, mwajiri hawezi kukukata ukabaki na sufuri. Theluthi moja ni yako. Waliotunga sheria hiyo walijua kwamba mtu asiyekula hawezi kwenda kazini, na asiyekwenda kazini hawezi kulipa deni.

Sasa njoo kwenye simu. M-Pesa ilianza mwaka 2007, mwaka uleule wa sheria hiyo. Mikopo ya M-Shwari ikaja 2012, kisha Fuliza, ambayo ni ovadrafti ndani ya M-Pesa, ikaja Januari 2019. Ukiwa na deni la ovadrafti, pesa yoyote inayoingia inalilipa hilo deni kwanza. Haijalishi umetumiwa na nani, wala imetumwa kwa kazi gani. Hapo hakuna theluthi.

Kwa lugha ya kazi yangu, kanuni ni fupi sana: linganisha salio na deni, chukua kilicho kidogo. Ukidaiwa 2,900 na mteja akakutumia 3,000, unabaki na 100. Jioni watoto wanataka kula. Utafanya nini? Utakopa tena, palepale, na ada itaanza upya. Kitabu cha mkopeshaji kinaonyesha umelipa. Sufuria yako inaonyesha vingine.

Nitatoa mfano wa kwangu. Mwaka 2023 baba alilazwa, familia ikachangishana, na mimi nikabaki na madeni manne: HELB ya chuo, mkopo wa SACCO, mkopo mmoja wa simu na ovadrafti ndogo. Siku moja ndugu yangu alituma 4,000 za dawa za mzee. Shilingi 2,600 zilikatwa kabla sijamaliza kusoma ujumbe. Ile pesa haikuwa yangu. Ilikuwa dawa. Lakini programu haijui dawa, inajua salio tu.

Najua mtasema, "Deni ni deni, lipa." Ni kweli, dawa ya deni ni kulipa, na sisi tunalipa. Ninachopinga ni utaratibu. Mkopo wa SACCO unakatwa kwenye mshahara, na pale sheria ya theluthi inanilinda. Nimeulipa kila mwezi bila kuruka, kwa sababu najua kiasi na najua tarehe. Deni lenye tarehe unaweza kulipangia. Deni linalonyakua wakati wowote halipangiki, hata uwe na shahada ya kompyuta.

Wengine watasema mkopeshaji akiacha theluthi atapata hasara. Hasara gani? Deni halijafutwa, limesogezwa siku chache tu. Anayetaka kulipa lote leo ana ruhusa ya kulipa. Na hoja hiyohiyo ingeweza kutolewa dhidi ya sheria ya mishahara, lakini benki na SACCO zinaendelea kukopesha wafanyakazi mpaka leo.

Serikali haikulala kabisa. Kanuni za Benki Kuu za Machi 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zinadai leseni, zinadai bei ya mkopo iwekwe wazi, na zinakataza kumtukana mdaiwa au kuwapigia watu walio kwenye orodha yake ya simu. Hayo ni mema, na wanaokumbuka simu za matusi zilizokuwa zikipigiwa mashemeji na mabosi watakubali. Lakini suala la kubakishiwa theluthi kwenye salio halikuguswa.

Basi tukingoja, familia ijitungie sheria yake. Sisi tunafanya hivi:

1. Madeni yote kwenye lahajedwali moja. Natumia LibreOffice Calc, lakini daftari la shule linatosha. Safu ni nne: jina la deni, kilichobaki, tarehe, na bei.

2. Bei iandikwe kwa kipimo kimoja: shilingi ngapi kwa kila 1,000 kwa mwezi. Hapa ndipo macho hufunguka. HELB ya 4% kwa mwaka ni kama shilingi 3.30. Hustler Fund, iliyoanzishwa Novemba 2022 kwa 8% kwa mwaka, ni kama 6.70. SACCO ya 1% kwa mwezi ni 10. Mkopo wa simu wa ada ya 7.5% kwa siku 30 ni 75. Na ovadrafti? Tuseme unadaiwa 2,000 na ada ni 20 kwa siku. Kwa siku 30 ni 600, yaani 300 kwa kila 1,000. Ile "shilingi ishirini tu" ni ghali mara thelathini kuliko SACCO!

3. Ziada yoyote iende kwa deni la bei ya juu kabisa. Mengine yapate kiwango chao cha kawaida. Msikimbilie HELB kwa sababu ndiyo kubwa, ila msiache kuilipa, maana kuna faini.

4. Mshahara uingie benki, usiingie kwenye simu. Siku ileile nunueni vitu vyenyewe: unga, mafuta, gesi, tokeni za stima, na kodi ilipwe. Programu haiwezi kukata unga ulio kabatini.

5. Msimwache mwenye duka. Yeye hatozi riba, na siku mtoto akiugua usiku yeye ndiye atawapa maziwa kwa neno tu. Huyo analipwa mwisho wa mwezi bila kukosa.

6. Mume na mke waone jedwali lilelile. Deni la siri ni kama hitilafu isiyoandikwa kwenye kumbukumbu za mfumo: kila mtu anarekebisha mahali pasipo na shida.

Kwa utaratibu huu ovadrafti tuliimaliza kwanza, kisha mkopo wa simu. Haikuwa rahisi. Nyama ilikuwa ya Jumapili, na mke wangu alisimamisha kozi yake kwa muhula mmoja. Lakini hatukukosa karo, na dawa za mzee hazikukatwa tena.

Mwisho, neno kwa waandishi wa programu wenzangu mlioajiriwa na wakopeshaji. Kubadilisha "chukua salio lote" kuwa "chukua theluthi mbili za kinachoingia" ni kazi ya mchana mmoja, pamoja na majaribio yake. Mkubwa wenu anaweza kukataa, lakini angalau pendekezeni kwenye mkutano. Bunge liliona haya kumwacha mfanyakazi mikono mitupu siku ya mshahara. Sioni kwa nini sisi tusione haya kwa mama mboga aliyetumiwa 300.

Haya, ni hayo kwa leo. Chukua daftari, piga hesabu ya bei kwa kila 1,000, halafu uone ni deni gani linalokula chakula chako. Tukutane tena.