Majivu ya Mlima na Unga wa Kibarua

Ndugu Wanachama,

Mwezi huu twaandika habari za ndege na majivu, na huenda mtu akauliza, "Sisi na ndege wapi na wapi?" Soma kwanza, ndugu, kisha uamue.

Tarehe 14 Aprili 2010 mlima Eyjafjallajökull wa nchi ya Aisilandi ulilipuka chini ya barafu na kurusha majivu juu sana. Upepo ukayachukua mpaka Ulaya. Kwa muda wa karibu juma moja anga ya nchi nyingi za huko ilifungwa, na safari za ndege zipatazo 100,000 zikafutwa.

Hatusemi kuifunga kulikuwa kosa. Majivu hayo si kama ya jikoni. Ni vumbi la mawe na vioo. Yakiingia katika injini huyeyuka kwa moto, kisha hugandia ndani na kuziba njia ya hewa. Mwaka 1982 ndege ya British Airways ilipita katika majivu ya mlima Galunggung, Indonesia, na injini zote nne zikazimika. Iliposhuka kwenye hewa safi injini ziliwaka tena, ikatua Jakarta salama. Rubani na wahudumu ni wafanyakazi wenzetu, na maisha yao yapita thamani ya mzigo wowote.

Lakini tazameni mzigo wa hasara ulimwangukia nani. Vijana wetu wengi wako Naivasha wakikata maua ya waridi. Maua hayo huenda Ulaya kwa ndege, wala hayangoji. Ndege zilipokosa kuondoka Nairobi, vyumba vya baridi vikajaa, maua yakatupwa, na vibarua kwa maelfu wakaambiwa wakae nyumbani mpaka waitwe. Hasara ya wenye mashamba ilihesabiwa kwa mamilioni. Hasara ya kibarua ni unga wa jioni, kodi ya chumba, na pesa ambazo mama alizingojea huku nyumbani. Sisi wa reli twajua: njia ikikatika kwa mvua, mzigo husimama, bali tumbo halisimami.

Sasa mfikirieni abiria. Sheria ya Ulaya ya mwaka 2004 yasema abiria aliyekwama apewe chakula na mahali pa kulala. Kampuni moja ya ndege ilipinga, ikisema mlipuko si kosa lake. Mwaka 2013 Mahakama ya Umoja wa Ulaya ikaamua kuwa kweli si kosa lake, lakini wajibu wa kumtunza abiria wabaki pale pale. Hatumwonei wivu abiria. Twauliza tu: kama aliyekwama njiani hulishwa, aliyekwama kazini asahauliwe kwa nini?

Wala tusidhani jambo hili limekwisha. Mnamo 23 Novemba 2025 mlima Hayli Gubbi wa Ethiopia, jirani zetu, ulilipuka. Majivu yakavuka Bahari ya Shamu mpaka Yemen na Oman, yakafika India, na safari za ndege zikafutwa huko. Minofu ya mbuta wa ziwa letu nayo husafiri kwa ndege. Anga ikifungwa tena, atakayeumia ni mvuvi, mkata minofu na mpakiaji.

Kwa hiyo Chama chapasa kudai, nasi twapasa kufanya, haya:

1. Kila mapatano mapya na waajiri yawe na kifungu kisemacho kwamba kazi ikisimama bila kosa la mfanyakazi, alipwe walau sehemu ya mshahara wa siku zile.

2. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, ifuatwe. Kibarua aliyefanya kazi siku za mfululizo zilizofikia jumla ya mwezi mmoja ahesabiwe kuwa mtu wa mshahara wa mwezi, na asiachishwe bila notisi.

3. Kila kibarua aandike siku zake za kazi katika daftari. Mbele ya hakimu, maneno matupu hayatoshi.

Mwambieni kila kibarua mnayemjua aje katika mkutano wa tawi na daftari lake mkononi. Tuyadai haya sasa, wakati anga ni nyeupe, kwa maana siku ya majivu kila tajiri atasema hana kitu.

Umoja ni nguvu.

Mhariri