Tano zangu bora za Waingereza, na ile iliyoninyima usingizi

Mwaka ndio huo unaishia, na kama ilivyo kawaida ya safu hii, ni wakati wa kupeana tano bora. Safari hii ukurasa nimewapa Waingereza. Najua utasema, "Mura, Tarime na tamthilia za Uingereza wapi na wapi?" Tulia kwanza. Kizazi chetu kimekua na hawa jamaa bila kujijua. Nani hakuvunjika mbavu na Mr. Bean, ambaye hata bibi asiyejua neno moja la Kiingereza alimwelewa? Na lile darasa la wageni kwenye Mind Your Language, nani hakuliangalia kwenye mkanda uliochakaa mpaka picha inacheza?

Sasa nikupe mazingira. Mimi kazi yangu iko Tarime mjini. Mke wangu ni mwalimu Mugumu, wilaya ya Serengeti, na watoto wako naye. Ijumaa nikitoka kazini nadaka gari, napita Nyamongo, navuka Mto Mara, nafika nyumbani na vumbi mpaka kwenye kope. Watoto wakilala tunafungua laptopu kitandani, umeme ukikubali. Hiyo ndiyo sinema yetu, na ndiyo inayolinda ndoa hii ya wikiendi. Sheria ni mbili tu: tunachagua kwa zamu, na anayesinzia anaosha vyombo kesho yake. Kwa hiyo si zote zilizotoka mwaka huu. Hizi ndizo tulizoziona sisi mwaka huu.

5. Serengeti (BBC, 2019)

Tuanze na ya jirani. Sauti ya msimulizi ni ya John Boyega, kijana wa London mwenye wazazi wa Kinigeria, yule wa Star Wars. Waliitengeneza John Downer na Simon Fuller, huyo Fuller ndiye aliyebuni Pop Idol. Sasa mtu wa mashindano ya kuimba ukimpa simba unategemea nini? Simba jike anaitwa Kali, nyani anaitwa Bakari, fisi anaitwa Zalika, na kila mmoja ana mapenzi, wivu na ugomvi wa familia kama tamthilia ya jioni. Wataalamu wa wanyama wanaweza kununa. Sisi tulicheka, na wanangu mpaka leo wakiona nyani barabarani wanamwita Bakari.

Ila mke wangu akasema kitu. "Baba watoto, umegundua hapa ndani hakuna mtu?" Kweli bwana. Waingereza wanaipiga picha Serengeti tangu enzi za Alan Root, mzaliwa wa London, aliyewafuata nyumbu miaka ya 1970. Ukitazama kazi zao nyingi utadhani dunia inaishia mpakani mwa hifadhi. Anayelala shambani Mugumu akilinda mahindi yake yasiliwe na tembo haonekani. Fisi kapewa jina la Kiswahili, Waswahili wenyewe hatumo. Likumbuke hilo, nitalirudia.

4. One Day (Netflix, 2024)

Hii ni zamu ya bibie. Emma na Dexter wanakutana usiku wa mahafali yao ya chuo Edinburgh, tarehe 15 Julai 1988, halafu hadithi inakupeleka 15 Julai ya mwaka mwingine na mwingine. Sehemu 14, nyingine fupi kama kusubiri ugali uive. Imetokana na kitabu cha David Nicholls cha mwaka 2009, na Ambika Mod kama Emma ni moto wa kuotea mbali.

Kwa wapenzi mnaoishi mbalimbali kama sisi, hii inauma pazuri. Wale wawili hawakosi kupendana, wanakosa kusema kwa wakati. Mwisho sikuambii. Nitakachosema ni kwamba mwenzangu alilia, mimi nikasingizia vumbi la Nyamongo.

3. Mr Bates vs The Post Office (ITV, 2024)

Mimi kazini nashika fedha za watu, kwa hiyo hii niliiangalia huku tumbo linanguruma. Ni kisa cha kweli. Kuanzia 1999 hadi 2015, zaidi ya watu 900 waliokuwa wakiendesha ofisi ndogo za posta Uingereza walipelekwa mahakamani na kutiwa hatiani kwa upungufu wa fedha, kumbe mfumo wa kompyuta ulioitwa Horizon ulikuwa unatoa hesabu mbovu. Kila aliyelalamika aliambiwa yuko peke yake. Wengine walifungwa, wengine walifilisika, ndoa zikavunjika.

Alan Bates, anayechezwa na Toby Jones, akakataa kunyamaza. Tamthilia ilirushwa Januari 2024, nchi nzima ikawaka, na Mei mwaka huohuo bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu zile. Fikiria, sehemu nne tu za luninga! Na kwa kuwa hili ni jarida la mahaba, nikupe na hii: Bates na mwenzake Suzanne waliishi pamoja zaidi ya miaka 30, wakaja kufunga ndoa 2024. Ukitafuta mchumba, tafuta wa aina hiyo.

2. Adolescence (Netflix, 2025)

Kijana wa miaka 13 anakamatwa alfajiri kwa kosa la kumuua msichana wa shule yao. Sehemu nne, na kila moja imepigwa kwa mkupuo mmoja, kamera haikatiki tangu mwanzo hadi mwisho. Unabaki umeshika pumzi. Owen Cooper, aliyecheza kijana huyo, alichukua tuzo ya Emmy Septemba 2025 akiwa na miaka 15. Hakuna mwanamume mdogo kuliko yeye aliyewahi kuipata kwa uigizaji.

Ila mimi niliondoka na baba. Stephen Graham ni baba wa kawaida kabisa, fundi bomba, hapigi mtu, anampenda mwanawe. Anajiuliza alikosea wapi, na jibu linalomtesa ni kwamba alikuwepo nyumbani, tatizo hakuuliza. Pale mwisho anapokaa kwenye kitanda cha mwanawe, mke wangu alinishika mkono. Sikujua kwamba alikuwa ananiandaa.

1. In the Name of Your Daughter (2018)

Wakali wa vigezo mtanikamata: hii si ya Waingereza hasa. Aliyeitengeneza, Giselle Portenier, ni Mkanada, lakini alifanya kazi BBC miaka mingi, nami nampitisha kwa cheti hicho. Ilikuwa zamu ya mke wangu. Aliipata kwa mwalimu mwenzake. Hakunieleza ni ya nini, aliniambia tu nisisinzie.

Jamani, ni Mugumu! Ni barabara ninayoipita kila Ijumaa. Kamera imetoka mbugani, imeingia vijijini kwetu msimu wa ukeketaji wa Desemba. Binti wa miaka 12 anatoroka usiku ili asikeketwe na kuozwa, bila kujua kama ataiona tena familia yake. Anakimbilia nyumba salama ya Rhobi Samwelly, mama ambaye mwenyewe alikeketwa akiwa mdogo na nusura apoteze maisha kwa kuvuja damu, na ambaye baadaye alianzisha shirika la Hope for Girls and Women. Hakuna simba wala nyumbu. Kuna watoto, wazazi na hesabu ya ng'ombe, maana kwa wengi wetu binti aliyekeketwa ndiye mwenye mahari nono.

Mimi ni Mkurya wa Tarime. Nimekua na litungu, kichuri na esaro. Nikiwa mtoto nilikimbia nyuma ya misafara ile nikishangilia, na dada zangu walikuwa mbele. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 ipo, inataja jela miaka 5 hadi 15, na kila mwaka nilikuwa nasoma habari za wasichana wanaokimbilia kituo cha Masanga, hukohuko kwetu, nikisema "hao ni watu wa kijijini". Takwimu za taifa za 2022 zilionesha asilimia 28 ya wanawake wa Mara wa umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Kumbe asilimia hizo nimekula nazo sahani moja.

Picha ikaisha. Mke wangu akafunga laptopu, akauliza polepole: "Pasaka mama alisema esaro ijayo mjukuu wake asikose. Wewe ulicheka. Ulikuwa unacheka nini?"

Binti yetu ana miaka tisa.

Msomaji, sikuwa na jibu. Mama alipolisema lile neno nililisikia vizuri sana. Nilicheka ili lipite, kama tunavyofanya wanaume tukikwepa ugomvi kati ya mama na mke. Mke wangu si Mkurya, hajakeketwa, na anajua shangazi zangu humwita msagane akigeuka. Miaka kumi amevumilia hilo kimya. Kwa mtoto alisema hatavumilia, na hakupandisha sauti.

Jumapili ile sikwenda moja kwa moja mjini. Nilipitia kijijini, nikamkuta mama anaanika muhogo. Nikamwamkia, nikamsaidia kidogo, halafu nikasema: "Mama, mjukuu wako hatakeketwa. Si esaro hii wala nyingine." Akaendelea kuanika. Kisha akauliza swali ambalo kwake ni la upendo kabisa: "Na nani atamwoa?"

Nikamjibu, "Mama, mimi nilimwoa nani? Ulipolazwa, nani alikuogesha wiki mbili?"

Alinyamaza muda mrefu. Akasema, "Wewe umeshakuwa Mzungu," akanipa kuku nimpelekee mkwewe. Sijui yule kuku ana maana gani. Sitakudanganya kwamba mama amebadilika. Tulichokubaliana mimi na mke wangu ni kwamba Desemba ya esaro binti halali nje ya nyumba yetu, na nimewaambia kaka zangu wote wawili kwa mdomo wangu, ili asipatikane wa kusema hakujua. Mmoja alinicheka. Mwingine, mwenye mabinti watatu, aliniomba ile picha.

Ndiyo maana namba moja ni hiyo. One Day ni tamu kuliko hiyo, na Adolescence imetengenezwa kwa ufundi zaidi. Ila hii ndiyo iliyofanya tuzungumze jambo tulilolikalia kwa miaka tisa.

Kwa hiyo likizo hii chagueni moja, mkae wawili, simu zikae mbali. Ikiisha, kabla hujakimbilia nyingine, muulize mwenzako swali moja: wewe ungefanyaje? Halafu nyamaza usikilize.

Wikiendi ijayo ni zamu yangu. Nimechagua Mr. Bean. Nadhani tumestahili kucheka kidogo. Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa!