AFYA YA JAMAA: Kijana Anapohema Uwanjani



Jumapili moja, tulipokuwa tukipanga viti baada ya mkutano wa akina mama, mwenzetu mmoja alinivuta kando. Kijana wake wa kidato cha pili amechaguliwa kuchezea timu ya shule, na michezo ya UMISSETA inakaribia. Kocha amewaanzishia mazoezi mapya: wanakimbia kwa nguvu dakika nne, wanatembea dakika tatu, halafu wanakimbia tena, hadi zitimie mara nne. Mtoto anarudi nyumbani magoti yanatetemeka na shati limelowa jasho hata katika baridi hii yetu. "Dada," akaniuliza, "nimkataze au nimwache?" Kabla sijafungua mdomo akaongeza kwa sauti ya chini kwamba mdogo wake kijana huyo ana selimundu.

Sikumjibu pale pale. Neno lile la mwisho lilikuwa limegeuza swali zima.

Kwanza tumtendee haki kocha, maana wengi wetu tukimwona mtoto anahema hudhani anateswa. Mazoezi hayo, ambayo hapa nitayaita mbio za vipindi, hayakuanza jana. Emil Zátopek wa Chekoslovakia alijifua kwa mbio kali za masafa mafupi zenye kupumzika katikati, na mwaka 1952 huko Helsinki alishinda mita 5,000, mita 10,000 na maratoni katika Olimpiki moja. Kwa upande wa mpira, wataalamu wa Norwei walichapisha mwaka 2001 habari za vijana wachezaji wenye umri wa wastani wa miaka 18. Kundi moja lilikimbia hizo dakika nne mara nne, siku mbili kwa juma, kwa muda wa majuma nane. Kundi la pili lilitumia muda huo kuchezea mpira tu. Wale wa kwanza, ambao zamani walikuwa wakikimbia kama kilomita 8.6 katika mechi moja, walifikia kilomita 10.3, na mara walizochomoka kwa kasi ziliongezeka maradufu.

Siri iko moyoni. Mpira si sawa na kupanda Milima ya Mbizi kwa mwendo mmoja na mzigo wa kuni kichwani. Mchezaji hutembea, hukimbia kidogo, huchomoka mita ishirini, husimama, huchomoka tena. Yule ambaye moyo wake husukuma damu nyingi kwa kila pigo hurudisha pumzi upesi, wakati mwenzake bado ameshika kiuno. Moyo hujifunza kusukuma hivyo unapofikishwa karibu na kikomo chake kwa dakika chache, ukaachwa ushuke, kisha ukapandishwa tena. Bila mapumziko, kijana angekimbia vizuri dakika tano, na zilizobaki angejikokota tu. Kipimo hakihitaji mashine: katika zile dakika nne asiweze kusema zaidi ya maneno mawili matatu, na katika zile tatu awe anaweza kuongea na mwenzake kabla hajaanza tena.

Sasa angalia tena hesabu ile: siku mbili kwa juma. Hapo ndipo mimi mwenyewe, muuguzi wa miaka mingi, nilipoteleza.

Mwaka juzi mwanangu wa tatu alikwenda likizo kwa ndugu zetu kule chini bondeni, upande wa Muze. Alirudi na malaria. Alimeza dawa mseto siku tatu, homa ikaisha, na siku ya nne nikamwona anafunga kamba za viatu. Nikafurahi. Alikimbia siku ile na siku zilizofuata, Jumatatu hadi Jumamosi, maana yeye na wenzake walikuwa wameamua kwamba kama mara mbili inasaidia, mara sita itasaidia zaidi. Nilimsikia akihema anapopanda ngazi tatu tu za barazani, nami nikamwambia baba yake kwamba kijana huyu ana bidii. Ni bibi yake, asiyejua kusoma, aliyeshika kidevu chake jioni moja, akatazama ndani ya kope na kusema, "Mtoto huyu hana damu." Kesho yake alipimwa, akakutwa na gramu 8. Kwa umri wake tunatazamia 12 au zaidi.

Kocha wake aliponiona alisikitika. "Mama, hakuniambia kama alikuwa mgonjwa." Ni kweli, hakumwambia. Watoto hawasemi, wanaogopa kupoteza namba. Basi wa kusema ni mama, wala si aibu kwenda uwanjani na kumwambia mwalimu: huyu ametoka kuugua, mpumzishe. Malaria huvunja chembe nyekundu za damu, na mwili huhitaji majuma kadhaa kuzirudisha hata baada ya homa kwisha.

Kwetu Ufipa neno hilo lina uzito wa pekee. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kila pumzi tunayovuta ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko ile ya Dar es Salaam. Mtoto aliyezaliwa hapa amezoea. Lakini yule anayepanda kutoka bondeni au kutoka Kasanga, ambako ni chini kwa karibu mita elfu moja, apewe majuma mawili ya mazoezi mepesi na mapumziko marefu zaidi. (Simba walipofungwa bao 1-0 na Tanzania Prisons kwenye Uwanja wetu wa Nelson Mandela mwezi Oktoba 2020, hapa nyumbani kwangu walisema ni hewa ya Ufipa. Huenda. Ila wale Prisons ni watu wa Mbeya, nao wamezoea milima, kwa hiyo tusiwanyime sifa ya mpira wao.)

Mwanangu nilimpa vidonge vya madini ya chuma alivyoandikiwa, na nikabadili meza. Ugali wa ulezi na maharage tunao, dagaa tunao, kosa letu ni chai. Chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Inywewe saa moja au mbili baadaye. Nyanya mbichi, kipande cha limau au chungwa hufanya kazi iliyo kinyume. Wenye binti wachezaji watilie mkazo hapa mara mbili, kwa sababu ya damu ya kila mwezi. Alirudi uwanjani baada ya majuma saba. Timu ilikuwa imeshachaguliwa.

Narudi kwa yule mwenzetu. Mtoto mmoja akiwa na selimundu, wazazi wote wawili wamebeba chembe hizo, na kati ya watoto wao watatu wasio wagonjwa, kwa wastani wawili huwa wamezibeba pia. Aliyezibeba tu si mgonjwa, na wachezaji wengi wa namna hiyo wako viwanjani. Lakini akikimbizwa ghafla hadi mwisho wa nguvu zake, akiwa na kiu na katika hewa ya juu kama hii, chembe zake zaweza kupinda na kuziba mishipa midogo. Huyo haanguki kama aliyezirai. Anakaa chini akiwa na fahamu zake, akisema miguu imekwisha nguvu au inauma, na ukigusa msuli si mgumu kama wa mtu aliyebanwa na mkazo. Asikemewe ainuke. Apumzike, apewe maji, na apelekwe hospitali saa ile ile.

Basi nilimwambia mwenzangu: usimkataze, ila asikimbie kipindi kingine kabla hajapimwa, na uombe kipimo kinachotofautisha mgonjwa na aliyebeba tu, maana kipo cha haraka kisichotofautisha. Akiwa mgonjwa, mbio hizi si zake, na daktari ataeleza michezo inayomfaa. Akiwa amebeba, aanze taratibu, apumzike muda mrefu kuliko wenzake, anywe maji, na kocha ajue. Pia mtoto yeyote aliyewahi kuzirai akikimbia, au anayebanwa kifua, au aliyevimba viungo baada ya kuumwa koo, moyo wake usikilizwe kwanza. Marc-Vivien Foé wa Kameruni alianguka uwanjani Lyon mwaka 2003 akiwa na miaka 28, na moyo wake ndio uliokutwa na kasoro.

Walikwenda kupima wiki ile ile, mama na kijana. Majibu ni yao wenyewe. Ijumaa alipita kwangu akitokea sokoni, ana chupa mbili mpya za plastiki, moja ya lita moja na nyingine ya lita moja na nusu, akataka nimwambie ni ipi itakayotosha kwa mazoezi ya jioni. Nikamwambia ampe zote mbili.