Storm ana mama Mkenya, sisi tumemchora nani?

WIKI mbili zilizopita mpwa wangu aliniuliza swali lililonishinda. Alikuwa amelala kifudifudi kwenye kochi, simu yangu mkononi, bando langu likiyeyuka, akisoma vibonzo vya X-Men. Akainua kichwa: "Anko, huyu Storm ni kabila gani?"

Nilicheka kwanza. Halafu nikagundua sina jibu.

Kwa wasiomfahamu, Storm ni yule dada wa nywele nyeupe anayeamrisha upepo, radi na mvua. Jina lake ni Ororo Munroe. Kampuni ya Marvel ilimleta duniani mwaka wa 1975 kupitia mwandishi Len Wein na mchoraji Dave Cockrum. Babake ni Mmarekani mweusi, mpiga picha wa magazeti. Mamake ni binti wa ukoo wa kifalme kutoka Kenya. Ndiyo, Kenya hii hii ya ugali na matatu.

Basi nilirudi kwenye kurasa hizo za mwanzo nikazisoma upya, safari hii kwa macho ya mpwa wangu. Tunamkuta Ororo huku Kenya, wanakijiji wamempigia magoti wakimwomba mvua kama mungu wao. Anawapa. Kisha anatokea Profesa Xavier kutoka Marekani kumwambia kwamba yeye si mungu, na kwamba dunia inamhitaji. Wanaondoka. Wakenya wenyewe hawana majina, hawana lugha, na hadithi haina muda wa kuwaaga. Mama mtu naye anaitwa N'Daré, jina ambalo mimi sijawahi kukutana nalo popote kati ya Lokichoggio na Lunga Lunga.

Kwa hivyo jibu la swali la mpwa wangu, kwa kurasa nilizosoma, ni kwamba aliyemwandika Storm hakuhitaji kujua. Kenya ilikuwa pazia la nyuma tu.

Sasa, kuna wenzangu ambao wangefunga kitabu hapo kwa hasira. Mimi nawasihi wasifunge, kwa sababu huyo huyo Storm ana hadithi ambayo kila kijana wa hapa angefaa kuisoma.

Mwaka wa 1984 mwandishi Chris Claremont alimpokonya nguvu zake zote. Silaha ya serikali iliyokuwa imelengwa kwa mwenzake inampata yeye, na mwanamke aliyekuwa akipaa juu ya mawingu anaanza kutembea kwa miguu kama sisi. Mbaya zaidi, anampenda mwanamume anayemuuguza, kisha anagundua kwamba ndiye aliyeibuni silaha hiyo. Toleo hilo lilichorwa na Barry Windsor-Smith, na kuna kurasa ndani yake ambapo hakuna ngumi hata moja. Ni watu wawili tu wanazungumza, na bado roho inakudunda.

Baadaye, akiwa bado hana nguvu yoyote, Storm anapambana na Cyclops kuamua nani ataliongoza kundi. Cyclops anatoa miale ya nguvu machoni. Storm ana akili yake na mikono miwili. Storm anashinda.

Nilisoma mapambano hayo nikiwa mwenyewe sina kazi, nimetuma maombi hadi nikachoka kuhesabu. Sitadanganya kwamba kibonzo kilinipa kazi. Lakini kilinikumbusha kwamba mtu anaweza kupoteza kile ambacho watu walikuwa wakimjulia na bado akabaki na kitu mkononi.

Kuna jambo lingine katika maisha yake ambalo mtu wa ukambani au wa kaskazini atalielewa haraka kuliko msomaji wa New York. Akiwa msichana, Ororo anajaribu kumaliza ukame kwa kuivutia mvua upande wake. Mama aliyemlea huku, Ainet, anamfundisha kwamba mvua aliyoivuta imepungua kwingine. Ukijinyeshea wewe, kuna jirani unayemkausha. Waulize wafugaji wa Isiolo na Samburu wanavyouona Mto Ewaso Ng'iro ukifika kwao umekonda baada ya kunyweshea mashamba ya juu. Somo hilo halihitaji nywele nyeupe wala radi.

Kitabu cha pili nilichomaliza majuzi ni Ms. Marvel ya mwaka wa 2014, ya mwandishi G. Willow Wilson na mchoraji Adrian Alphona. Shujaa wake ni Kamala Khan, msichana Mwislamu wa miaka 16 anayeishi Jersey City, wazazi wake wakiwa wametoka Pakistan. Anapopata uwezo wa kugeuza umbo lake, kitu cha kwanza anachofanya ni kugeuka mzungu wa nywele za dhahabu, kama shujaa anayemhusudu. Mara anatambua kwamba nywele zinamwingia machoni na viatu vinambana. Ubora wa kitabu hiki ni kwamba hakimhubirii Kamala. Kinamwacha ajichekeshe mwenyewe hadi aone kwamba anaweza kuokoa watu akiwa na sura aliyozaliwa nayo. Kilishinda tuzo ya Hugo mwaka wa 2015, na kilistahili.

Cha tatu ni Monstress, kazi ya Marjorie Liu na mchoraji Sana Takeda iliyoanza mwaka wa 2015. Hiki si cha watoto, na mpwa wangu hakigusi hadi akue. Ni dunia ya kubuni yenye wachawi, miungu ya kale na paka wanaozungumza, lakini ndani yake kuna vita, utumwa na njaa. Msichana Maika amepoteza mkono, na ndani ya mwili wake anaishi kiumbe mwenye njaa isiyokwisha. Kila anapomtumia kiumbe huyo kujiokoa, kuna mtu asiye na hatia anayeumia. Michoro ni ya kupendeza mno, na labda hapo ndipo penye kasoro yake: unaweza kuduwaa kwa urembo wa ukurasa ukasahau kwamba ulichokitazama ni mauaji. Tena usimulizi umejaa majina na falme, mimi nilirudi nyuma mara kadhaa kujikumbusha nani ni adui ya nani. Lakini vumilia. Mwaka wa 2018 Liu alikuwa mwanamke wa kwanza kushinda tuzo ya Eisner ya mwandishi bora.

Tazama basi vitabu hivi vitatu. Katika vyote, kinachomfanya mtu kuwa shujaa si nguvu zake bali gharama anayolipa kwa kuwa nazo au kuzikosa. Na hapo ndipo ninapopata uchungu, kwa sababu sisi tulilijua jambo hilo kabla ya Superman kuzaliwa mwaka wa 1938.

Fumo Liyongo wa Pwani yetu hakuweza kuuawa kwa mkuki wala mshale. Siri yake ilikuwa kitovu, na aliyemchoma sindano ya shaba hapo ni mwanawe wa kumzaa. Lwanda Magere wa Waluo alikuwa na mwili wa jiwe, na nguvu zake zilikuwa kwenye kivuli. Mke aliyetoka kwa adui ndiye aliyeitoa siri hiyo. Hizi ni hadithi za watu wakubwa walioangushwa na watu wa nyumbani mwao. Marvel wangezinunua kesho asubuhi.

Lakini kijana wa hapa hukutana na Liyongo wapi? Kwenye mtihani. Anaulizwa ataje sifa tano za utendi. Akishazitaja, Liyongo anarudishwa kabatini.

Usiniambie kwamba Wakenya hawasomi vibonzo. Shujaaz ilipoanza mwaka wa 2010, ikigawanywa bure pamoja na gazeti, tuliigombania. Ilitumia Sheng, ikaongea mambo ya mtaa, na Boyie na redio yake ya mafichoni tulimjua kama jirani. Ikatuzwa hata Emmy ya kimataifa. Kwa hivyo wasomaji wapo.

Wachoraji pia wapo. Kinachokosekana ni mchapishaji wa kuwalipa, mwalimu ambaye hatanyang'anya kibonzo kwa sababu "si kitabu", na sisi mashabiki kukubali kutoa mia mbili kwa kazi ya mwenzetu badala ya kuomba PDF kwa WhatsApp. Hapo kwa PDF najinyooshea kidole mimi wa kwanza.

Wikendi iliyopita nilimsimulia mpwa wangu kisa cha Liyongo, nikamnunulia daftari lisilo na mistari. Amechora kurasa sita. Ule mkate wa makapi wenye tupa ndani, ambao mama Liyongo alimpelekea gerezani, ameuchora unafanana kabisa na wa kibanda cha hapa kwetu. Amekwama ukurasa wa saba, pale mwana anaposhika sindano. Aliniuliza, "Anko, huyu kijana nimpe uso gani?"

Nimemwambia ajaribu mwenyewe. Nangoja kuuona.