Usiache Mbachao

Hapa Rapsu, katika kaunti ya Isiolo, mavuno ya mashamba ya umwagiliaji hubebwa kwa pikipiki kwenda Kinna. Siku moja mwanafunzi aliniuliza, "Mwalimu, je, ni kweli kwamba pikipiki zetu hazitatumia umeme mpaka nchi ijenge kinu cha nyuklia?"

Wapo wasemao hivyo. Hutuonyesha Ufaransa, ambayo takriban thuluthi mbili za umeme wake hutoka katika vinu vya nyuklia, na treni zake hukimbia bila moshi. Hayo ni kweli. Wala mimi si miongoni mwa wale walitajao jina la Chernobyl ili kuwatisha watu. Kinu kikitunzwa vema hutoa umeme mwingi usiku na mchana, bila kuchafua hewa. Walakini, dawa iliyomponya jirani si lazima ikufae wewe. Kwa usafiri wetu wa umeme, nyuklia si jambo la kwanza, na sababu zangu ni tatu.

Kwanza, umeme safi tunao. Takriban sehemu tisa katika kumi za umeme unaozalishwa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Mvuke wa Olkaria umetutumikia tangu mwaka 1981. Usiku wa manane, viwanda vingi vikiwa vimelala, mvuke mwingine huachwa upotee hewani kwa kukosa wa kuutumia. Na saa hizo ndizo ambazo mabasi na pikipiki nyingi zimeegeshwa. Ndiyo sababu mwaka 2023 umeme wa kujaza betri za magari uliwekewa bei ya shilingi 8 kwa yuniti katika saa za mahitaji madogo, badala ya 16. Mtaniambia kwamba jioni umeme hutupungukia. Naam, basi betri zijazwe usiku, si jioni. Kinu kifanyacho kazi bila kupumzika kingemimina maji katika mtungi ambao usiku umekwisha kujaa.

Pili, kinu kilichokusudiwa ni cha megawati 1,000, na mwanzoni mwa mwaka 2025 mahitaji ya juu kabisa ya nchi nzima yalikuwa takriban megawati 2,300. Hakuna mtambo usioharibika. Mmoja ukibeba zaidi ya sehemu mbili katika tano za mzigo, siku utakapozimika ghafla nani ataubeba? Giza la tarehe 25 Agosti 2023, lililoenea karibu nchi nzima, lingalitosha kutufunza.

Tatu, ni muda. Falme za Kiarabu, nchi yenye mali nyingi, zilianza kujenga kinu cha Barakah mwaka 2012. Umeme wake wa kwanza uliingia katika nyaya mwaka 2020. Sisi tumetajiwa mwaka 2034, na mahali pa kujenga pamekuwa na ugomvi: watu wa Uyombo, Kilifi, walipinga mwaka 2024, kisha macho yakageukia Siaya.

Basi kijana wa pikipiki wa Rapsu angoje? Yeye haulizi umeme umezaliwa wapi. Huuliza utamfikia lini, na kwa bei gani. Kinachomzuia ni nguzo, nyaya, transfoma, na kituo cha kubadilishia betri kilicho karibu naye. Jua la Isiolo peke yake laweza kujaza betri kadhaa kila siku, wala halihitaji kusubiri miaka kumi.

Siufungi mlango. Huenda siku moja mahitaji yetu yatakua mara nyingi kuliko sasa, na wajukuu wetu wakaijenga nyuklia kwa busara. Lakini mali ya leo na itumike kwanza kuufikisha umeme tulio nao. Nanyi wanafunzi, mkisikia jambo kubwa likisifiwa, ulizeni: litamfaa nani, na lini? Wazee walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.