Mchora Nchi Isiyokuwapo na Deni Lake

Mchora ramani za nchi za kubuni hana uhuru anaojidai kuwa nao. Huketi mbele ya karatasi tupu, akachovya kalamu katika wino, akasema: nchi hii ni yangu, milima nitaiweka nipendapo, mito nitaipitisha nitakako, na hapana wa kuniuliza. Kauli hiyo ni tamu, na aghalabu hutamkwa na watu wapole wasiomtakia mtu shari. Walakini ni kauli ya uongo, na uongo wa namna yake umekwisha kuwagharimu watu wa kweli katika nchi za kweli.

Sanaa yenyewe haihitaji wakili. Wapo waionao kuwa ni mchezo wa watoto, wakasahau kwamba Utopia ya Thomas More ilipochapwa mwaka 1516 ilitoka pamoja na picha ya kisiwa chake. Wakasahau pia kwamba mwaka 1881, huko Braemar katika Uskoti, Robert Louis Stevenson alichora kisiwa ili kumfurahisha mtoto wake wa kambo, na katika kisiwa hicho cha karatasi kikazaliwa kitabu cha Treasure Island. Ramani ile ya kwanza ilipotea ilipopelekwa kwa wachapaji. Stevenson akalazimika kukisoma upya kitabu chake mwenyewe, akapima umbali na kukusanya kila neno lililotaja kilima au ghuba, kisha akachora ramani ya pili ilingane na hadithi. Ya kwanza ilikuwa imemzalia hadithi bila ya taabu. Ya pili ilimtoa jasho, na moyoni mwake haikupata kuwa kisiwa kile kile. Mwenye kudhani kuwa kazi hii ni mchezo na atafakari kisa hicho.

Kwa hiyo ugomvi si na sanaa, bali na jinsi watu wanavyojifunza sanaa hiyo. Mwaka 2009 mchoraji wa Marekani, Jake Parker, alijiwekea zoezi la kuchora kwa wino mchoro mmoja kila siku katika mwezi wa Oktoba, siku zote 31. Akaliita Inktober. Shabaha yake ilikuwa kuuzoesha mkono wake wino na kujijengea tabia njema ya kuchora. Zoezi likaenea duniani, na wapenzi wa ramani za kubuni nao wakalitwaa: leo kisiwa, kesho safu ya milima, keshokutwa mji wenye ngome. Katika hilo hapana ubaya. Kalamu ya risasi husamehe, wino hausamehe. Mwenye kuushika wino kila siku hujifunza kuamua kabla ya kugusa karatasi. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini kibaba hujazwa kwa punje, si kwa makapi. Mchoraji akifika siku ya kumi, mkono wake umekwisha kujua mlima mmoja: pembe tatu, ubavu mmoja mweupe, ubavu wa pili umetiwa mistari ya kivuli. Mlima huo ataurudia mpaka mwisho wa mwezi. Atauzungushia msitu wa miti ya nchi za baridi, ataupa ngome ya mawe, na pembeni mwa bahari atamweka nyoka mkubwa. Oktoba ikiisha anazo karatasi 31 na mlima mmoja. Huko ni kutwanga maji kwenye kinu. Parker mwenyewe aliwaruhusu watu kuchora siku moja na kuacha siku moja, au hata mara moja kwa wiki, maadamu hawaikatizi ada waliyojiwekea. Wanaoiabudu hesabu ya siku wameiabudu kwa hiari yao.

Hasara ya kwanza ya mazoea hayo ni hasara ya ufundi. Nchi ya kubuni ina sheria, na sheria hizo hazikutungwa na mchoraji. Maji huteremka. Vijito hukutana na kuwa mto kadiri viendavyo baharini, na ni nadra mto kugawanyika ila karibu na mdomo wake, penye ardhi tambarare na tope. Hata hivyo, ramani ngapi za kubuni zina mto utokao katika bahari moja, ukapanda mlima na kuingia katika bahari ya pili! Upande wa mlima unaopokea upepo wa bahari hupata mvua, na upande wa nyuma hukauka. Lakini msitu na jangwa katika ramani hizo huwekwa palipobaki nafasi. Mji nao hauoti kama uyoga. Huota penye maji matamu, penye njia panda, au penye bandari iliyokingwa. Msomaji wa visiwani hahitaji kusomeshwa kwa nini mji wa Unguja uliota upande wa magharibi, na si mashariki, ambako mawimbi ya bahari kuu huvunjika juu ya mwamba.

Mshairi chipukizi hulalamika vivyo hivyo kwamba vina na mizani vinamfunga. Huyo hajajua bado kuwa shairi husimama kwa kile linachojikatalia. J.R.R. Tolkien, ambaye kitabu chake cha The Lord of the Rings kilitoka kwa sehemu tatu mwaka 1954 na 1955, alihesabu mwendo wa wasafiri wake kwa siku na kwa umbali, akaangalia hata mwezi usiandame kabla ya wakati wake, na mwanawe Christopher ndiye aliyeichora ramani ya kuchapwa. Msomaji huiamini nchi ile isiyokuwapo kwa sababu mwenye kuibuni alikubali kufungwa nayo.

Hasara ya pili ni kubwa zaidi, na ndiyo isiyosemwa. Mwaka 1798 James Rennell, bingwa wa ramani katika zama zake, aliweka katika ramani ya Afrika Magharibi safu ndefu ya milima iliyoitwa milima ya Kong. Milima hiyo haikuwapo. Wachora ramani waliomfuata waliinakili, mmoja kutoka kwa mwenziwe, kwa miaka ipatayo 90, mpaka safari ya Mfaransa Louis-Gustave Binger ya mwaka 1887 hadi 1889 ilipoonyesha kuwa hapana kitu. Mkono ulipenda milima, karatasi ilikuwa na nafasi, basi milima ikaota.

Pwani yetu nayo ina kisa chake. Jakob Erhardt, mmisionari aliyekuwa akiishi Rabai karibu na Mombasa pamoja na Johannes Rebmann, aliwauliza wafanyabiashara wa misafara habari za bara. Waliofuata njia ya kusini walimwambia kuwa mwisho wa safari kuna maji makubwa. Waliofuata njia ya kati walimwambia hivyo hivyo, na wa kaskazini pia. Hapana aliyesema uongo: kulikuwa na ziwa la Nyasa, ziwa la Tanganyika na ziwa la Nyanza. Nyasa na Nyanza si chochote ila neno la ziwa lenyewe katika vinywa vya wenyeji wa pande hizo. Erhardt akayaunga maji yote matatu kwa wino wake, na ramani iliyotolewa huko Ulaya mwaka 1855 na 1856 ikaonyesha bahari moja ya bara, yenye umbo la konokono asiye na kombe. Mwaka 1857 Burton na Speke wakaondoka Unguja kwenda kuitafuta.

Kosa la Erhardt lilikuwa la mfasiri kabla ya kuwa la mchoraji. Alipewa habari tatu na watu watatu, akazifanya moja kwa sababu moja huchoreka vizuri. Wenye habari hawakuonyeshwa ramani ili waseme: hapa umekosea, baina ya maji haya na yale kuna nchi kavu, na katika nchi hiyo wanakaa watu.

Wino wa namna hiyo hauishii karatasini. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana juu ya mstari kutoka pwani, kwenye mto Umba, mpaka ziwa la Nyanza. Mstari ukanyooka, ukapinda kidogo kuuzunguka Kilimanjaro, kisha ukanyooka tena. Kwa mlima ulijua kupinda; kwa Wamasai haukupinda, ukawapita katikati. Mpaka leo ndio mpaka wa Kenya na Tanzania.

Mpenzi wa ramani za kubuni atajibu: hao walidai kusema kweli, nasi tunacheza tu. Jibu hilo lina haki yake. Kuna tofauti baina ya anayebuni akakiri na anayebuni akaapa. Lakini huyu anayecheza ameirithi wapi milima yake ya pembe tatu, dira yake ya mapambo, nyoka wake wa baharini, na zile nafasi nyeupe alizoziandika “nchi isiyojulikana”? Ameirithi katika ramani zile zile. Na mwenye kuazima mkono wa mtu huazima na jicho lake.

Watoto wa nyumba ya Brontë, huko Haworth katika Uingereza, walibuni dola yao katika miaka ya 1820, na kaka yao Branwell akaichorea ramani. Waliiweka wapi? Afrika Magharibi, jirani na Waashanti, wakawapa askari wao wa vibao ushindi juu ya watu ambao wakati huo huo walikuwapo, wakilima na kuzika wafu wao. Watoto wale hawakumdhuru mtu. Lakini wametuonyesha jinsi ilivyo rahisi kuifanya nchi ya wenzio kuwa karatasi tupu, hata kwa moyo safi na kalamu ndogo.

“Nchi isiyojulikana” na nani? “Jangwa la Mauti” limeitwa hivyo na nani, mpita njia aliyekosa maji au wachungaji wanaojua kila kisima? Kila jina katika ramani limetoka katika kinywa cha mtu, na mchoraji asiyejua ni kinywa cha nani hajaijua nchi yake, ingawa ameibuni mwenyewe.

Basi zoezi la kila siku na liendelee, lakini libadilishwe swali. Badala ya kuuliza “leo nichore nini?”, mchoraji na ajiulize: watu hawa wanakunywa maji ya wapi? Wanamzika wapi maiti wao? Mto huu anayekaa juu anauitaje, na anayekaa chini anauitaje? Swali moja kwa siku moja, na mstari usichorwe mpaka swali lijibiwe. Atakayemaliza mwezi kwa ramani nne za namna hiyo amejifunza zaidi ya mwenye 31.

Na ikifika siku ya mwisho asianze karatasi mpya. Airudie ile ya siku ya kwanza, aishike kama mtu wa nchi ile aliyeletewa kwa mara ya kwanza picha ya kwao, na atafute mahali ambapo mtu huyo angetia kidole na kusema: hapa sipo. Akipaona, hapo ndipo achovye kalamu.