Mashine ya Gololi Katika Nyumba

Wako watu ambao, wakisikia kwamba baba mmoja amenunua mashine ya kuchezea, tena mashine kuukuu iliyokwisha kuharibika, hucheka na kumhesabu kuwa mpumbavu. Lakini yafaa kulichungua jambo kabla ya kulicheka. Katika nchi ya Marekani, na vilevile huko Ulaya, ziko jamaa nyingi ziletazo nyumbani mashine za zamani za mchezo uitwao pinboli, ambao wasemao Kifaransa huuita flipa. Huzitengeneza kwa mikono yao wenyewe, kisha huzicheza pamoja na watoto wao. Tuone basi mashine hizo ni nini, hufufuliwa namna gani, na nyumba hupata faida gani.

Pinboli ni sanduku refu la mbao lisimamalo juu ya miguu minne, lililofunikwa kwa kioo. Ndani yake mna ubao ulioinama kidogo kumwelekea mchezaji. Mchezaji huvuta kijiti chenye springi na kukiachilia. Gololi ya chuma, yenye upana wa milimita 27 hivi, hupanda hata juu, kisha hushuka ikigonga vizuizi huku na huku. Chini kabisa kuna vibawa viwili, viendeshwavyo kwa vifungo vya ubavuni, na kazi yao ni kuirudisha gololi juu isianguke shimoni. Kila mgongano huongeza hesabu, na hesabu huonekana nyuma ya kioo chenye picha kisimamacho mbele ya macho ya mchezaji.

Mchezo huu una historia ndefu. Mwaka 1871 Montague Redgrave, wa mji wa Cincinnati, alipewa hati ya uvumbuzi kwa mchezo wa gololi wenye springi. Mwaka 1931 David Gottlieb wa Chicago alitoa mashine yake Baffle Ball, ikapendwa mno. Lakini mashine za siku zile hazikuwa na vibawa. Gololi ikiisha kuondoka, mchezaji hakuwa na la kufanya ila kutikisa sanduku na kungoja bahati. Kwa hiyo wengi walizitumia kwa kamari, na mwaka 1942 mji wa New York ulizipiga marufuku; meya Fiorello La Guardia akaamuru zivunjwe kwa nyundo. Mwaka 1947 kiwanda cha Gottlieb kilitoa Humpty Dumpty, iliyobuniwa na Harry Mabs, yenye vibawa sita. Mwaka 1948 Steve Kordek aliweka viwili tu, chini kabisa ya ubao, navyo vimekaa hapo hata leo. Tangu hapo ustadi wa mkono ukaanza kuishinda bahati. Hata hivyo New York haikuondoa marufuku ila mwaka 1976, Roger Sharpe alipocheza mbele ya madiwani, akiwatangulizia kusema gololi itapita njia gani, nayo ikapita iyo hiyo.

Sasa tufungue sanduku. Mashine tunazozinena ni zile za kabla ya vifaa vya elektroniki, ambazo viwanda vikubwa vya Chicago viliacha kuziunda kufikia mwaka 1979. Ndani yake hamna kompyuta hata kidogo. Mna mamia ya mita za waya, na sumaku za umeme, na swichi nyingi za majani membamba ya chuma, na magurudumu yenye tarakimu. Gololi ikigonga kizuizi, majani mawili hugusana, umeme hupita, sumaku huvuta, na gurudumu la tarakimu husogea hatua moja. Ikiwa yapasa kuandika pointi hamsini, mota ndogo huzunguka na kulisukuma gurudumu la makumi mara tano, tak, tak, tak, tak, tak. Kila wazo la mashine hii laonekana kwa macho na kusikika kwa masikio. Ndiyo sababu mtu asiye fundi aweza kulifuata kosa hata mahali lilipo, akishika mchoro wa nyaya mkononi na kuwa na subira moyoni.

Lakini yampasa kuanza kwa utaratibu. Mashine iliyolala miaka ishirini katika ghala isiunganishwe na umeme siku ile ile iletwapo. Kwanza tuchungue waya wa plagi, tuutupe ukiwa umepasuka. Tutazame kama panya wamejenga kiota ndani, kama karatasi ya koili yoyote imeungua. Kisha tuangalie fyuzi. Mara nyingi mtu wa zamani, akichoka na fyuzi zikatikazo, aliweka iliyo kubwa kuliko inavyoandikwa, au hata kipande cha karatasi ya bati. Huyo hakutengeneza kitu. Aliondoa mlinzi mlangoni. Sumaku ikikwama bila fyuzi ya kweli, koili huungua katika dakika chache, na nyumba nzima imo hatarini.

Baada ya hayo huja kazi ndefu. Mafuta ya zamani yamekauka na kuwa kama gundi. Yafutwe kwa spiriti hata kila kiungo kirudi chenyewe kwa nguvu ya springi yake. Ncha za swichi zilizoota weusi zisuguliwe kwa tupa nyembamba, mara mbili tatu tu, kisha majani yanyoshwe yagusane sawasawa. Wengine hupenda kunyunyiza mafuta juu ya swichi. Hilo ni kosa kubwa, kwa kuwa mafuta hukusanya vumbi, na cheche za swichi zaweza kuyawasha. Mipira iliyopasuka ibadilishwe, ubao usafishwe na kupakwa nta. Kioo chenye picha kisioshwe upande wa nyuma, kwani rangi iliyopikwa na joto la taa kwa miaka mingi hubanduka upesi. Aliye nje ya Marekani akumbuke pia kwamba mashine nyingi za huko zataka volti 115 hivi. Akiiunganisha na volti 220 bila transfoma, ataiharibu kwa dakika moja.

Kazi hii yafaa kufanywa na wawili au watatu. Mtoto mmoja ashike tochi, mwingine asome mchoro, baba au mama aguse. Plagi iwe imetolewa kila wakati mikono imo ndani. Mtoto aliyeona kwa macho yake jinsi jani moja dogo lililopinda lilivyozuia hesabu yote, hatasahau upesi kwamba kosa kubwa mara nyingi lina chanzo kidogo.

Iko hatari moja ambayo wazazi wanapaswa kuijua. Wako watu wanunuao mashine ya pili kabla ya kumaliza ya kwanza, kisha ya tatu, hata chumba kikajaa masanduku yasiyocheza, na fedha za nyumbani zikapungua, na mke akanyamaza kwa hasira. Mashine isiyotengenezwa si mali, ni deni. Tena hata iliyotengenezwa vizuri ikiachwa kama pambo huanza kufa: swichi huota weusi tena, mafuta huganda, magurudumu hukwama. Mashine hizi huhifadhiwa kwa kuchezwa. Mwendo wenyewe husafisha swichi, na sikio la mchezaji huwa la kwanza kutambua sauti iliyopotea.

Basi, enyi wazazi, msimcheke jirani apigaye magoti mbele ya sanduku lake, bisibisi mkononi. Mwulizeni ana mashine ngapi, na ngapi zacheza. Akijibu kwamba anayo moja, na kwamba jana jioni binti yake alimshinda, jueni kwamba fedha yake haikupotea bure.